Mke wa Wasiwasi, Sehemu ya Pili

Alizaliwa wapi na wa ukoo gani, hayo sina nguvu ya kuyaandika, na mwenyewe hakupenda kuulizwa. Mimi nilimjua kwa sauti kwanza. Ukuta uliotenganisha chumba chake na changu pale Kirumba ulikuwa wa tofali moja, na aliyeujenga alibania saruji, kwa hiyo nilimsikia akikohoa, akisali na kuhesabu mapigo ya moyo wake kabla sijamwona uso. Mtaa mzima ulimwita Mkalimani, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Kazi yake ilikuwa kusema. Banda la video lilikuwa hatua chache kutoka kibarazani kwangu nilipoweka cherehani: mabati, magunia yaliyoshonwa pamoja kuzuia mwanga, mabenchi, TV moja juu ya meza na deki chini yake. Picha zilikuja za Kiingereza, za Kichina na za Kihindi, na watu wa banda, yaani wavuvi, wabeba mizigo na kina mama wa soko la mwaloni waliokwisha kuuza samaki wao, hawakujua hata lugha moja kati ya hizo. Basi Mkalimani alikaa kwenye kiti pembeni ya TV, kipaza sauti mkononi, akawasemea wote: steringi, yaani shujaa wa picha, adui, mama mkwe, mpaka mbwa. Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, banda lilijaa mpaka wengine wanachungulia kwenye matundu ya misumari. Mimi nilishona huku nasikiliza, na nimeharibu nguo za watu si mara moja kwa sababu ya kucheka.

Zamani alikuwa karani wa stoo ya vipuri kwenye kiwanda cha nguo. Huko ndiko alikookota Kiingereza, kwa wahandisi wa kigeni waliokuja kutengeneza mitambo. Kisha mitumba ikaingia kwa malori, kiwanda kikaanza kupumua kwa shida, na watu wakapunguzwa. Mitumba hiyo hiyo ilinimaliza na mimi. Nilikuwa nashona magauni ya harusi, nikaishia kukata pindo za suruali za wazungu nisiowajua. Kwa hiyo tulikuwa majirani wa ukuta na majirani wa balaa, na huenda ndiyo maana tulielewana.

Kile Kiingereza chake, niseme ukweli, kilikuwa cha nati na bolti. Ungemuuliza beringi, mkanda wa mashine, grisi, angekujibu bila kufikiri. Lakini watu wawili wakianza kusemezana mapenzi au kugombana jikoni, alikuwa anapapasa tu kama sisi wengine. Hakuwahi kuitazama picha kabla ya kuionyesha. Aliiona pamoja na watu, kwa mara ya kwanza, na alichokosa kukielewa alikitunga hapo hapo. Neno "sijui" halikuwahi kupita kwenye kile kipaza sauti.

Siku moja umeme ulikatika katikati ya vita. Wakati ule wa mgao wa umeme tulishazoea, watu wakaanza kunyanyuka, lakini yeye akawaambia wakae. Akaendelea kusimulia gizani: adui kapigwa, kaanguka kutoka ghorofani, kafa, kazikwa, mjane wake kalia. Hakuna aliyetoka. Umeme uliporudi, yule adui aliyezikwa alikuwa kasimama na suti nyeupe, anaoa. Mkalimani hakutetereka. Alisema huyo ni pacha wake, amekuja kurithi shemeji, na banda likapiga makofi.

Ukimwona mtu huyo nje ya banda, hungeamini ni yuleyule. Nje alikuwa mwoga jamani, mwoga wa kila kitu. Maji alichemsha mara mbili. Akipita chini ya majabali ya kule mlimani alikimbia kidogo, eti jiwe limeanza kusogea, mawe ambayo babu zetu waliyakuta na wakayaacha palepale. Alikuwa anagusa shingo kutafuta mapigo, anasimama njiani, anasubiri, kisha anaendelea na safari; waliomwona walidhani amesahau kitu. Mwiba wa samaki ulimtisha kuliko mamba, na huyu ni mtu aliyekulia ufukweni.

Miaka ile minofu ya sangara ilikwenda Ulaya kwa ndege, sisi tukabaki na mapanki, yale mabaki ya kichwa na mifupa yanayotoka viwandani. Mkewe aliyachemsha, akakaa naye mlangoni mchana kweupe, akachambua nyama kidogo kidogo kwa vidole na kuipanga pembeni ya sahani ya mumewe. Mtu mzima na ndevu zake anachambuliwa mwiba. Yule mwanamke hakuona aibu wala hakulalamika. Alikuwa akiuza dagaa mwaloni, mrefu, mtulivu mpaka anakera. Mimi nilimwita jirani, yeye aliniita Fundi.

Na kufuli. Hilo la kufuli nalijua kuliko mtu yeyote duniani, kwa sababu nililisikia kila asubuhi kupitia tofali lile moja. Walitoka, akafunga mlango. Akauliza, "Nimelivuta?" Mkewe akajibu, "Umelivuta." Wakashuka hatua kumi kati ya mawe. Nikasikia viatu vinarudi mbio, kufuli linavutwa, ka, ka, ka. Wakaenda tena, akarudi tena. Yule mama alimsubiri pale chini na beseni la dagaa kichwani, shingo imekaza, na kila mara akajibu kwa sauti ileile kwamba amelivuta. Sikuwahi kumsikia akimcheka.

Sasa ndipo ikaja picha ile. Mwenye banda aliupata mkanda kwa mtu aliyetoka Nairobi, picha ya kuchekesha ya wazungu. Ilimhusu mwanaume mwembamba, mwenye miwani, ambaye kila akitoka nyumbani anageuka kwenda kutazama jiko la gesi kama limezimwa. Anachelewa kazini, anachelewa hata kwenye harusi yake. Analala kwenye kochi la daktari anayesikiliza tu bila kumpa dawa. Mchumba wake, mwanamke mrefu mwenye koti la njano, anamvumilia, na mwishoni wanaoana.

Wenye macho waliona kabisa kwamba mwenye wasiwasi ni mwanaume. Lakini mara nyingi mwanamke alikuwa amewapa watu kisogo, anaosha vyombo au anafunga mizigo, na mdomo wake hauonekani. Hapo Mkalimani akapata nafasi. Mwanaume akigeuka kurudi kwenye jiko, Mkalimani akatoa sauti ya mwanamke, nyembamba, yenye lafudhi ya Majita, lafudhi ya mkewe kabisa: "Wewe baba, umelivuta kufuli? Rudi ukalivute. Vuta tena." Mwanaume akienda kwa daktari, ni mwanamke kamtuma. Akigusa kifua, ni mwanamke kamtisha kwamba atakufa. Picha nzima ikageuka: mwanaume mzima wa akili anateswa na mke mgonjwa wa hofu. Akaipa na jina, akaliandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni: MKE WA WASIWASI.

Watu walivunjika mbavu. Ilionyeshwa wiki hiyo, ikarudiwa iliyofuata, ikarudiwa tena. Wavuvi walikuja kutoka visiwani wakiiulizia. Mtaani "vuta tena" ikawa salamu. Na kwa kuwa sauti ile ya kuigiza ilijulikana ni ya nani, haikuchukua muda kule mwaloni wakaanza. Yule mama akifunga gunia lake la dagaa, mmoja anauliza, "Mama, umelivuta kufuli?" na wengine wanadakia, "Vuta tena." Wateja wakamwonea huruma mumewe. Kanisani mama mmoja mwenye nia njema alimshauri aombewe.

Mimi nilijua. Hapo ndipo pananiuma mpaka leo, na nikisema nimechoka, sehemu ya uchovu wenyewe ni hiyo. Mtaani pote ni mimi tu niliyejua nani anavuta kufuli, na Jumapili ya tatu niliingia bandani kwa miguu yangu, nikakaa benchi la mbele, nikacheka mpaka machozi. Nilijiambia ni picha tu. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni kwenye pazia la gunia, na mimi sikumwona.

Kesho yake alikuja kibarazani, hakukaa kwenye kiti nilichomsogezea.

"Fundi," akasema, "kati yangu na wewe kuna tofali moja. Unajua nani anavuta kufuli. Na jana nilikuona unacheka."

Nikaendelea kukanyaga cherehani, na sindano haikuwa hata na uzi.

Hakupiga kelele. Aliniambia anakwenda kwao Majita, na kwamba mumewe akiuliza, nimwambie hajaondoka kwa sababu ya wasiwasi wake. Miaka yote hiyo aliubeba na haukumlemea. Anaondoka kwa sababu kambebesha yeye mbele za watu. Atarudi siku Mkalimani atakapolirudisha neno lile pale pale alipolitoa, kwa mdomo wake, mbele ya wale wale waliocheka. Nikampelekea mumewe ujumbe huo kama ulivyo, neno kwa neno. Alisikiliza, akagusa shingo yake, akaingia ndani. Tangu siku ile nilisikia kufuli likivutwa na hakuna anayejibu.

Baada ya miezi kadhaa alikuja mwenyewe kukaa kibarazani kwangu. Nilimuuliza kwa nini alifanya vile. Alikunja na kukunjua kipande cha kitambaa.

"Nilipomwona yule mwanaume anarudi kwenye jiko, nilijiona mimi," akasema. "Nikaogopa kwamba watu nao wataniona."

Alisema kiwandani alikuwa na meza na funguo za stoo, na sasa amebaki na sauti tu. Wakijua kwamba sauti ile inatoka kwa mtu anayekimbia mawe, nani ataisikiliza? Nilimwelewa, na nilimkasirikia vilevile.

Ndipo mwenye banda akaipata sehemu ya pili. Alifurahi kama kapewa kiwanja. Mkalimani alimwomba ubaoni waandike MUME WA WASIWASI. Mwenye banda akamuuliza kama amerukwa na akili, mtu hauzi bidhaa kwa jina jipya wakati la zamani linapendwa. Akaandika mwenyewe, herufi kubwa: MKE WA WASIWASI, SEHEMU YA PILI. Mkalimani, kwa mara ya kwanza maishani, aliomba mkanda autazame kabla. Aliutazama mara tatu asubuhi za katikati ya wiki, banda likiwa tupu, na kamusi ya kuazima magotini. Alimtumia mkewe salamu kwa mtu wa basi kwamba aje Jumapili. Sikujua kama zilifika.

Jumapili ile banda lilifurika mpaka wengine wakakaa chini. Nilikuwepo, benchi la nyuma. Nilimtafuta yule mama kwenye kila kitenge, hakuwepo.

Nayo picha yenyewe, mwenzangu, ilikuwa mbaya. Sijui wazungu walifikiri nini. Kwanza yule mwanaume kanenepa. Wameoana muda, hakuna tena kuchelewa harusi, hakuna kuanguka kwenye keki. Wanakaa jikoni wanazungumza. Wanaingia kwenye gari, wanazungumza. Daktari wa kochi naye kaachika, analia yeye. Hata kwa mtunzi hodari ingekuwa mzigo, na Mkalimani siku hiyo alikuwa amekataa kutunga. Alifasiri kilichosemwa, polepole, kwa sauti yake mwenyewe, mwanaume na mwanamke sauti moja. Mwanamke wa koti la njano aliongea kama mtu mwenye akili zake. Watu walisubiri "vuta tena." Wakaisubiri robo saa, nusu saa. Mmoja akaipigia kelele kutoka nyuma. Mkalimani akajibu kwenye kipaza sauti kwamba hilo halimo, na hata katika ile ya kwanza halikuwemo.

Wakaanza kuzomea. Kwanza vijana wa mizigo, kisha wavuvi. Wakataka picha ya ngumi. Mwenye banda akamnong'oneza achangamshe, lakini yeye alikuwa amekaza macho kwenye TV, jasho linamtiririka, anafasiri habari za mtu na mkewe wanaoulizana watauza nyumba au hawauzi. Watu wakatoka benchi baada ya benchi, na pazia la gunia lilipokuwa likifunuliwa mwanga ulifuta picha yote. Alichokuwa akikingoja kilikuwa mwishoni kabisa. Yule mwanaume anasimama mbele ya wageni, sebuleni, anasema kwamba anayeogopa ni yeye, mkewe hajawahi kuogopa chochote. Mkalimani akalifasiri hilo. Kisha picha ikaendelea na yeye akaiacha iende, akazungumza ya kwake: kufuli, maji, mawe, miiba, na nani aliyekuwa akimsubiri na beseni kichwani. Alisema yote.

Alipoweka kipaza sauti chini, aligeuka kutazama watu.

"Nilipofika hapo walikuwa wamebaki wangapi?" akaniuliza.

Kulikuwa na mzee mmoja amelala, na mwenye banda anahesabu mabenchi yaliyovunjika. "Nilibaki mimi," nikasema.

Akatikisa kichwa. Wiki hiyo mwenye banda alimtafuta mwingine, kijana mwenye maneno mengi, na ile sehemu ya pili haikuonyeshwa tena Kirumba wala popote ninapopajua.

Niliandika barua kwenda kwa yule mama. Mimi si mtu wa barua, ilinichukua siku nne. Sikumdanganya kwamba watu walisikia. Nilimwandikia kwamba sharti lake halikutimia, waliocheka waliondoka kabla. Ila mmoja alibaki mpaka mwisho, na huyo mmoja naye alicheka, tena kwenye benchi la mbele, tena akiwa anajua. Nikamwandikia kila alichosema mumewe, nikamwomba na mimi anisamehe. Barua nikampa abiria wa Musoma, nikakaa kusubiri.

Alirudi baada ya mavuno ya mihogo, na fungu la dagaa kwenye gazeti akaliweka juu ya meza yangu ya kukatia. Alisema amerudi kwa barua yangu, ameiamini. Yeye mwenyewe hajamsikia mumewe kwa masikio yake, na hilo hawezi kujifanya limekwisha. Wakahamia Buhongwa. Mkalimani akapata kazi ya ulinzi kwenye kiwanda cha minofu, na nasikia hawakuwahi kuwa na mlinzi kama yule, lango linakaguliwa mara ishirini kwa zamu. Nilicheka niliposikia, halafu nikajizuia.

Miaka ilikwenda. Mabanda ya video yalikufa, na cherehani yangu ilibaki na kazi ya viraka. Mwaka juzi nilikuwa kituo cha mabasi Buzuruga asubuhi, nasubiri gari la Bunda kwenda msibani, nimechoka mwili na roho. Juu ya ukuta kulikuwa na TV, picha ya Kiingereza, sauti imefunguliwa na hakuna anayetazama. Nyuma yangu nikasikia mtu anafasiri kwa kunong'ona. Sikuhitaji kugeuka.

Niligeuka hata hivyo, nikasema shikamoo, kwa maana alikuwa amezeeka kunipita. Hakunitambua mpaka nilipotaja cherehani. Mkewe alikuwa pembeni yake, wima vilevile, lakini macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Alinishika mkono, akanipapasa vidole mpaka kwenye sugu ya sindano, akasema, "Fundi." Walikuwa wanakwenda Majita. Nikawaachia waendelee, nikakaa nikisikiliza.

Alimsimulia picha pole pole: mwanamke kaingia, kavua koti, kakaa. Kisha mzungu mmoja kwenye TV akasema neno refu.

"Hapo sijui kasema nini," akamwambia mkewe.

"Haya," mkewe akajibu.

Wakaendelea. Baada ya muda nikamwona akiinama kwenye sikio la mkewe na kuuliza jambo kwa sauti ya chini sana. Mkewe akajibu kwa sauti ya kawaida kwamba mlango umefungwa na kufuli limevutwa. Akauliza tena, akajibiwa tena. Mara ya tatu kijana wa tiketi, aliyesimama karibu na kumsikia yule mama tu, akacheka. Akamwambia bibi apunguze wasiwasi, nyumba haikimbii. Abiria kwenye benchi wakacheka naye, bila ubaya, kama watu wanavyocheka kituoni.

Nilimwona Mkalimani akigusa shingo yake. Nilidhani ataangalia chini. Akasimama, akishikilia mgongo wa benchi langu, na ile sauti ya bandani, ambayo sikujua kama bado anayo, ikatoka nzima. Watu wakageuka mpaka upande wa wauza karanga.

"Si yeye," akasema. "Mwenye wasiwasi ni mimi. Tangu ujana wangu ni mimi. Huyu hajawahi kuogopa kitu."

Kijana wa tiketi akasema samahani, babu. Kituo kikarudi kwenye makelele yake, na Mkalimani akakaa. Mkewe akanyoosha mkono akatafuta bega langu pale mbele yake, akalipata.

"Fundi," akasema, "nimemsikia."